Ng'ombe Arobaini na Mmoja

Fomu ya kuomba msaada wa masomo ya sheria ilikuwa na maswali kumi na mawili, na Mzee Mageni aliyajibu kumi na moja vizuri kabisa. La tisa ndilo lililoitia nyumba yake matatani.

Ilikuwa Aprili ya mwaka 1953, asubuhi, kijijini Mwabasoya, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka mjini Shinyanga. Mwenye kuomba huo msaada, Marselino mwana wa Mageni, karani wa baraza la mtemi, hakuwepo nyumbani. Alikuwa barazani akiandika kesi ya mpaka wa shamba. Aliyekuja na fomu ni Athanas, karani wa bomani, kijana wa kaptula iliyopigwa pasi mpaka ungedhani ingeweza kusimama yenyewe. Alikuwa ametumwa kuzungukia nyumba za makarani wote walioomba, awaulize wazazi wao wana uwezo gani.

Serikali ilikuwa imeamua kwamba makarani wa mabaraza wasome sheria miezi mitatu ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, mvua ikishakatika na njia zikipitika. Chuo kilikuwa mbali, safari ya treni ya siku mbili. Karo, chakula, nauli na sare vilifika shilingi mia mbili na themanini, na Marselino alikuwa akilipwa sabini kwa mwezi, akilisha mke, binti mmoja na wazee wake. Ambaye asingekuwa na cheti cha kiangazi hicho, ifikapo Januari asingekuwa karani tena. Hivyo ndivyo barua ilivyosema. Msaada ulikuwepo, ila ulikuwa wa wasio na uwezo tu.

Hayo yote Mzee Mageni hakuambiwa. Aliambiwa tu kwamba atakuja mtu wa serikali kuuliza habari za nyumba.

"Swali la tisa," Athanas alisema, akilamba ncha ya penseli. "Mzee, una ng'ombe wangapi?"

Mzee Mageni alikohoa kwanza. Miaka kumi na miwili ya kupasua mawe kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita ilimwachia kikohozi na ng'ombe sita, na kati ya hivyo viwili alipenda kuzungumzia kimoja. Kisha akafikiri. Mgeni aliyevaa viatu, aliyekaribishwa kiti, akauliza jina la ukoo, umri wa mwana, dini, halafu akafika kwenye ng'ombe! Katika maisha yake yote alijua maswali ya mpangilio huo yanaulizwa na watu wa aina moja tu, nao ni wale wanaotaka kujua kama nyumba hii ni ya kuoana nayo au ni ya kupita kando. Mtu hajibu swali kama hilo kwa kujidunisha.

"Arobaini na mmoja," alisema.

Penseli ikasimama. "Arobaini na mmoja? Wako wote?"

"Si umewaona wenyewe asubuhi wakitoka? Wanaolala kwenye zizi langu ni wangu."

Nyuma ya nyumba, Scolastika, mke wa Marselino, alikuwa akipepeta mtama. Ungo ukatulia mikononi mwake. Alijua, kama kila mtu wa nyumba ile alivyojua, kwamba ng'ombe wa mkwewe ni sita. Alijua pia ni kwa nini fomu ile imekuja, kwa sababu mumewe alimweleza. Lakini mwanamke aliyeolewa haingii kwenye maongezi ya baba mkwe na mgeni wake, sembuse kumsahihisha. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Alifika mpaka kwenye kona ya nyumba. Kona hakuivuka.

Alipochungulia, Mzee Mageni alikuwa amekwisha tia dole gumba kwenye wino, anacheka, na Athanas anakunja karatasi.

"Wabeja, baba," Athanas alishukuru kwa adabu. "Kumbe nyumba hii ina neema."

"Mungu hanyimi," alijibu mzee.

*

Marselino alirudi saa tisa. Scolastika hakungoja hata ashuke kwenye baiskeli.

"Baba Limi, yule mtu wa fomu amekuja."

"Vizuri. Baba amejibu?"

"Amejibu." Aliweka ungo chini. "Amesema ng'ombe arobaini na mmoja."

Marselino aliiegemeza baiskeli ukutani, ikaanguka, naye hakuiokota. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza?"

"Ulitaka nimwambie baba mkwe wangu mbele ya mgeni kwamba anasema uongo?" Machozi yalikuwa yamemjaa. "Ungekuwa wewe kwa baba yangu, ungesema?"

Asingesema. Alimfuata baba yake kwenye kivuli cha ghala, akamwamkia, akapokea marahaba, akaketi chini.

"Baba, ng'ombe thelathini na tano kati ya hao ni wa Mwanangwa Pantaleo."

"Nani kakataa?"

"Wewe umeiambia serikali ni wako!"

"Ng'wanone, mwanangu," alisema mzee kwa upole wa mtu anayefundisha jambo la wazi, "mtu akikupa ng'ombe umtunzie, unakunywa maziwa, unachukua mbolea, na mtu wa njia akiuliza unasema ni zako. Humtaji mwenyewe. Hiyo ndiyo amana. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu. Ulitaka niseme hapa tunalisha mali za watu kama vibarua?"

"Baba, hawakuja kuposa. Walikuwa wanatafuta maskini wawasaidie."

"Mimi si maskini."

"Ndiyo shida yenyewe."

Mzee Mageni alimtazama mwanawe, na taratibu kule kucheka kwake kwa asubuhi kukamtoka usoni. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyeulizwa swali la watu wengine kwa lugha yake mwenyewe.

Lakini Marselino alikuwa ameshaona shimo jingine, kubwa kuliko la msaada. Wakati ule kulikuwa na amri ya kupunguza mifugo. Kila mwenye ng'ombe wengi alitakiwa aandikishe wote kwenye kitabu cha Bwana Mifugo, na kila mwaka apeleke sehemu yao mnadani, apende asipende, kwa bei ya siku hiyo. Aliyeficha alishtakiwa. Na mtu aliyepanda juu ya meza kila mnada, akiwahimiza watu watii amri hiyo kwa faida ya ardhi yao, alikuwa Mwanangwa Pantaleo, mkubwa wa kijiji na mjumbe wa baraza la mtemi. Ng'ombe wake mwenyewe alikuwa amewatawanya, hawa huku, wale kule, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa kwa Mageni, mzee mnyamavu asiyejua kusoma.

Marselino alijua hilo tangu mwaka 1947. Akaenda barazani kila siku, akakaa chini ya Pantaleo, akaandika hukumu za wengine walioficha ng'ombe watatu, wanne, wawili. Aliandika kwa mwandiko mzuri. Sifa ya mwandiko wake ilifika mpaka bomani.

*

Kesho yake aliomba ruhusa, akaendesha baiskeli mpaka Shinyanga. Alifika ametapakaa vumbi, akakaa kwenye baraza ya ofisi na watu wengine waliokuja na shida zao, na kila mlango ulipofunguka alisimama, na kila mara aliyeitwa alikuwa mwingine. Saa nane Athanas akatoka kwenda kula, akampita. Saa tisa akarudi.

"Aa, mtoto wa tajiri," alisema. "Umefuata nini?"

"Bwana Athanas, kuna kosa kwenye fomu yangu. Swali la tisa. Baba alikosea."

"Alikosea hesabu?"

"Hakukosea hesabu."

"Basi alikosea nini?"

Marselino alikuwa amepanga maneno njia nzima, maili thelathini na zaidi, na sasa hayakuja. Watu wa barazani walikuwa wameacha kuzungumza ili wasikie. Athanas akamvuta ndani, si kwa huruma, bali kwa sababu jambo lilianza kunoga.

"Bwana Shauri ameshaisoma," alisema, akifungua jalada lenye muhuri wa mkuu huyo wa wilaya. "Ameandika mwenyewe, ona, wino mwekundu: baba ana uwezo, asisaidiwe. Kubadilisha haiwezekani mpaka baba yako asimame barazani aape kwamba ng'ombe si wake na ataje ni wa nani. Jina litajwe. Hapo jalada litafunguliwa tena, na pesa bado ziko."

"Na asipotaja?"

Athanas alifunga jalada polepole. Kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Karani mwenzangu, sikiliza. Mimi nilifanya kazi yangu. Nililinganisha na kitabu cha Bwana Mifugo, tumeagizwa tulinganishe. Kwenye kitabu baba yako ana ng'ombe sita. Kwenye fomu ana arobaini na mmoja na dole lake lipo. Wewe ndiye unayetaka kusomea sheria. Hao thelathini na tano wanaitwaje?"

Marselino alijua wanavyoitwa: ng'ombe waliofichwa. Neno hilo alilitumia mara nyingi, alilipigia mstari chini kwa rula.

"Nakala imeshakwenda kwa Bwana Mifugo," alisema Athanas. "Samahani. Hati ya kumwita itafika wiki hii, na nadhani utaiandika wewe."

Njiani kurudi Marselino alishuka kwenye baiskeli mara mbili, akasimama, akapanda tena. Aliogopa kwa ajili ya baba yake, na aliogopa Januari. Alimwogopa Pantaleo, ambaye kwa neno lake moja mtu hukosa shamba, maji na majirani. Na alishtuka kugundua kwamba hofu iliyokuwa juu ya zote ilikuwa ya kukosa ile treni. Alijionea aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

*

Pantaleo hakuitwa na mtu. Habari ilimfuata mwenyewe. Alikuja Jumapili baada ya misa, kwa miguu, amevaa koti jeusi, na Limi, binti wa Marselino, akampelekea maji ya kunywa kwa magoti. Aliyanywa yote, akamsifu mtoto. Aliuliza habari za mtama, za kikohozi, za panya ghalani. Scolastika alipokuwa akiwasha moto jikoni alivunja vijiti vitatu vya kiberiti.

"Mzee Mageni," hatimaye Pantaleo alisema, "nimesikia umeniheshimu."

"Nimefanya la kawaida."

"Si la kawaida siku hizi. Watu wamekuwa na midomo." Alimgeukia Marselino. "Na wewe, mwanangu, nasikia ulikwenda mjini."

"Ndiyo, Mwanangwa."

"Ulitaja mtu?"

"Hapana, Mwanangwa."

"Vizuri sana." Alitoa kwenye koti kitambaa cheupe chenye alama ya dobi, kimefungwa, akakiweka juu ya kigoda katikati yao. "Serikali imekunyima msaada. Mimi nakupa. Mia mbili na themanini, hesabu mwenyewe. Sitaki unirudishie. Soma, urudi na cheti chako, tukae wote barazani kama baba na mwana. Sasa hii kesi ni ndogo. Mzee atasema ng'ombe ni zake, alisahau kuziandikisha, anaomba radhi. Mzee mwenye mvi, kosa la kwanza. Itakuwa faini. Faini nitalipa mimi, na mtemi nitasema naye. Baada ya hapo nazihamisha taratibu, na wewe mzee nakuachia mitamba miwili."

Hakutisha mtu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayegawa nyama kwenye sherehe. Lakini alipomaliza alitazama nyumba, akatazama ghala, akatazama bonde la shamba la mpunga ambalo yeye ndiye aliyelikata na kuligawa, na kila mmoja pale aliyafuata macho yake.

"Na kama si faini?" Marselino aliuliza.

"Wewe umeandika kesi hizi miaka mingapi? Mzee wa umri huu ulishaona anafungwa?"

Alikuwa ameshaona. Mara moja. Alimgeukia mzee.

"Baba?" alisema.

Mzee Mageni alikuwa anatazama chini. "Nilishasema ni zangu," alijibu. "Sitazisema mara mbili kwa namna mbili. Chukua pesa, ng'wanone, ukasome."

Scolastika alisimama mlangoni, chungu mkononi, na safari hii alivunja mwiko wake. "Baba Limi," alisema, sauti chini, "usiguse."

Wanaume watatu waligeuka. Pantaleo akatabasamu, akanyanyuka, akajipangusa koti.

"Mke wako ana hofu ya Mungu," alisema. "Ni jambo jema."

Alipoondoka kitambaa kilibaki juu ya kigoda. Marselino alikitazama mpaka kuku walipoanza kukizunguka. Alijiambia kwamba akikirudisha, Pantaleo atajua nyumba hii imegeuka, na ndipo baba yake atakapoangamizwa kweli. Lilikuwa jambo la kweli, na pia lilimfaa. Akakichukua, akakiweka ndani ya sanduku, chini ya shati lake jeupe la safari.

*

Kesi ilisikilizwa Alhamisi ya pili ya Mei, saa tatu asubuhi. Nyumba ya baraza ilikuwa ya matofali ya udongo na bati jipya. Mtemi aliketi katikati kwenye kiti cha mgongo mrefu, wazee wa baraza pande zote mbili, na Pantaleo alikuwa wa kwanza kulia. Chini kidogo, kwenye meza yenye mguu mmoja uliowekewa kipande cha tofali, aliketi karani. Washtakiwa walikaa chini sakafuni, upande wa kushoto, na watu walijaa nyuma mpaka nje, kwa kuwa si kila siku baba wa karani hushtakiwa. Athanas alikuwepo pia, kwenye benchi la wageni, na jalada mapajani.

Mtu angedhani Marselino angesamehewa kuandika siku hiyo. Hakukuwa na karani mwingine. Aliandika tarehe, akaandika namba ya kesi, akaandika *Mageni mwana wa Luhende, mkulima*, na mwandiko ulikuwa mzuri kama siku zote.

"Mageni," mtemi alisema, "ng'ombe arobaini na mmoja walioonekana kwenye zizi lako ni wa nani?"

"Ni wangu, Mtemi."

"Wote?"

"Wote."

"Kwa nini kitabuni wako sita?"

"Nilisahau. Naomba radhi." Alikohoa, akakohoa tena, mpaka tarishi akamletea maji.

Marselino aliandika: *Nilisahau. Naomba radhi.* Mambo yalikuwa yanakwenda yalivyopangwa, na alianza kupumua. Ndipo mtemi akatoa bahasha, akaikata kwa kisu kidogo, akaitazama, na kwa kuwa macho yake hayakuona vizuri maandishi ya mashine akamnyooshea karani wake.

"Imetoka kwa Bwana Mifugo. Isome, watu wote wasikie."

Marselino alisimama akasoma. Alisoma mistari miwili kabla hajaelewa anasoma nini. Barua ilisema kwamba kuficha ng'ombe kumezidi katika utemi huu, kwamba faini zimekuwa mchezo, kwamba thelathini na tano ni idadi kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana. Baraza likimkuta na hatia linashauriwa lisitoze faini. Limfunge miezi sita, kazi ngumu, iwe funzo.

Alipofika kwenye *kazi ngumu* sauti ilikufa, na mtemi akamwambia arudie, kwa kuwa watu wa nyuma hawakusikia. Akarudia.

Mzee Mageni alikuwa amekaa vilevile, kikombe cha maji mkononi. Miezi sita ya kuvunja mawe, kwa mtu aliyekwisha vunja mawe yake yote. Kila aliyemsikia akikohoa asubuhi ile alijua asingerudi.

"Wazee wa baraza," mtemi alisema. Hakuonekana kufurahi. "Mnasemaje? Mwanangwa Pantaleo, wewe ndiye mkubwa wa kijiji chake. Anza wewe."

Marselino aliinua macho. Mbele ya watu wote alimtazama Pantaleo, wazi kabisa, kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyeshika ncha ya pili ya kamba. Pantaleo angeweza kuomba huruma. Angeweza kusema mzee ni mgonjwa. Hakuhitaji hata kujitaja.

Pantaleo alikuwa amesikia barua kama wengine. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kama angemtetea mzee huyu, mtu angeuliza kwa nini.

"Mtemi," alisema, "Mageni ni jirani yangu na inaniuma. Lakini sheria ni sheria. Tukimwachia huyu, tutawaambia nini wengine? Bwana Mifugo amesema sawa."

"Andika," mtemi akamwambia karani.

Marselino aliandika: *Mwanangwa Pantaleo: sheria ni.* Hapo akakoma. Alitazama maneno hayo na wino ukaanza kukauka kwenye kalamu. Aliwaza sanduku. Aliwaza Januari, aliwaza bonde la mpunga, akamwaza Limi akinyimwa maji kisimani. Hakukuwa na ushujaa wowote mwilini mwake, na wanaosema siku hiyo alisimama kama simba hawakuwepo. Alisimama akishikilia meza.

"Mtemi, naomba aandike mwingine."

"Kwa nini?"

"Mtu hawezi kuwa karani na shahidi katika kesi moja. Mimi ni shahidi."

Mzee Mageni alisema, kwa Kisukuma, kwa ukali, neno moja tu la kumkataza. Marselino hakumgeukia.

"Ng'ombe wa baba ni sita. Thelathini na tano ni wa Mwanangwa Pantaleo. Alituletea kidogokidogo. Na pesa alizotupa ili tusiseme ziko nyumbani kwangu, mia mbili na themanini, ndani ya kitambaa chenye alama ya dobi wake."

"Mwongo!" Pantaleo alikuwa amesimama. "Anamtetea babake!"

"Ng'ombe wakiachiwa wataonyesha kwao," alisema Marselino. "Na baba akiulizwa majina ya wale sita atayataja yote. Ya wale wengine hayajui, kwa sababu hakuwapa yeye."

Mtemi alimwinamia mzee. "Taja."

Mzee Mageni alifumba macho. Hakutaka. Lakini kuulizwa majina ya ng'ombe wake na kunyamaza kulikuwa zaidi ya uwezo wake. Akayataja sita, moja moja, na rangi zao. La saba hakuwa nalo. Kwenye benchi la wageni Athanas alifungua jalada lake, akavuta penseli, akafuta kitu. Jibu la swali la tisa lilikuwa limesahihishwa mbele ya baraza, jina la mwenye mali limetajwa, na kwa masharti ya bomani msaada ungeweza kutolewa.

"Pantaleo, toka kwenye kiti hicho," mtemi alisema. "Kesi yako tutaisikiliza leo hii." Kisha hakumtazama tena. Alimtazama karani wake aliyempenda, aliyemwandikia barua zake zote kwa bomani. "Marselino. Umelijua hili tangu lini?"

Swali hilo alilijua lingekuja. Alikuwa amelijua tangu akishikilia meza.

"Tangu mwaka arobaini na saba, Mtemi."

"Na hukumu za walioficha ng'ombe, tangu mwaka huo, umeandika ngapi kwa mkono wako?"

"Ishirini na tatu."

Nyuma kabisa mjane mmoja, Mbuke, ambaye mumewe alifia kifungoni kwa ajili ya ng'ombe wawili, alisimama ili amwone vizuri. Marselino alimkumbuka. Alikuwa amemwandikia hata risiti ya nguo za marehemu. Athanas aliinua penseli kutoka kwenye karatasi, akasita, kisha akalifunga jalada lote, kwa sababu hakukuwa tena na mtu wa kupelekwa chuoni.

"Tarishi," mtemi alisema, na sauti yake ilikuwa ya uchovu, "mchukulie kalamu. Mkalishe pale na wenzake."

Pale palikuwa sakafuni, upande wa kushoto. Marselino alitembea hatua nne hizo akiwa na suruali yake ya kazi na tai aliyofungiwa na mkewe. Baba yake hakumtazama.

"Umenivua nguo mbele za watu," mzee alisema taratibu.

"Ndiyo, baba."

Mzee Mageni alikohoa, akafuta mdomo kwa kiganja. Kisha akasogea kidogo ukutani, akampisha mwanawe aketi.